Jaji Mwenye Dele

Bi Fakhriya alikuwa hajapata kuiona barafu ya kukanyagwa na mtu. Barafu aliyoijua yeye ni ile ya mabonge iliyokuwa ikiuzwa sokoni Ibra, Oman, pamoja na samaki waliopanda na magari kutoka Sur, inayofungwa gunia ili isiyeyuke kabla hujafika nyumbani. Hata hivyo, mwaka ule wa themanini na nne, hapakuwa na mtu Ibra nzima aliyejua kuliko yeye namna majaji wa mashindano ya kuteleza barafuni wanavyokula haki za watu. Ukimwuliza atakwambia. Usipomwuliza atakwambia vilevile.

Mambo yalianza na kanda ya video. Azzan, mwanawe wa pekee, karani katika ofisi ya serikali, alimwomba rafiki yake aliyekuwa akisoma Uingereza amrekodie mpira. Mpira ukarekodiwa, lakini ulipokwisha rafiki akasahau kuizima mashine, na nyuma yake yakafuata mashindano mengine: watu wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza kwa muziki juu ya uwanja mweupe. Azzan alitaka kuirudisha kanda kwenye mpira wake. Mama yake, aliyekuwa akipita na sinia la mchele wa kuchagua, akasimama mlangoni, akaliweka sinia chini, akamwambia aache kama ilivyo. Chakula cha mchana siku hiyo kililiwa saa kumi.

Kwanza palikuwa na suala la heshima. Mwanamke wa kwenye kanda mapaja yalikuwa nje, na mwanamume alikuwa akimshika kiunoni, akimwinua juu ya kichwa chake kama mtu anayeweka mzigo darini. Bi Fakhriya akamwuliza mwanawe huyu anayembeba huyu ni nani wake. Azzan hakujua lolote, ila alijua kwamba akikosea jawabu video itarudishwa dukani, akasema ni mumewe. Na wale wanaofuata? Nao ni mke na mume. Wote? Wote, mama, ndiyo sharti lenyewe la mashindano.

Uongo huo mdogo ukafungua mlango. Mke wa mtu na mumewe, nani atasema neno? Bi Mabruka, Mpemba, ajuza wao wa baraza aliyevuka miaka sabini, akatoa hukumu kwamba mwanamke yule kavaa soksi zinazofika kiunoni, kwa hiyo kajisitiri. Yeye mwenyewe alijifunika leso usoni wakati wa kutazama. Leso ile ilikuwa nyepesi sana.

Kahawa ya asubuhi ya wanawake wa mtaa ule ilikuwa na desturi ya kuzunguka, leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Ilipofika kanda ile, ikaacha kuzunguka. Ilikaa kwa Bi Fakhriya wiki sita, na kila siku baada ya tende na haluwa video ilikuwa ikiwashwa.

Nakwambia habari ya mashindano yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutamwelewa mwanamke huyu. Jozi zilikuwa nyingi, lakini zilizotia fitina ni mbili. Jozi ya kwanza ilivaa nyekundu. Waliteleza vizuri, hawakuanguka, hawakugongana, wakamaliza wakainama kwa adabu. Jozi ya pili ilivaa buluu. Hao walifanya mambo ya kutisha: mwanamume alimrusha mkewe hewani akazunguka mara tatu, na katika kurushwa kwa mwisho mwanamke akatua vibaya, akaanguka kwa kishindo, akasota kama gunia. Akainuka, akamkimbilia mumewe, wakamaliza ngoma yao. Majaji walikuwa tisa. Wakawapa ushindi Buluu.

Bi Fakhriya alihisi kama aliyeibiwa yeye. Hili si jambo la ajabu kwake. Kule Unguja, alipokuwa msichana, mji uligawika baina ya vilabu viwili vya taarabu vya wanawake, na yeye aliwahi kukaa mwaka mzima bila kusema na binti wa ami yake kwa sababu ya sare za sikukuu. Mtu wa namna hiyo humpi mashindano ukatarajia atazame tu. Alisema kwamba aliyeanguka hawezi kumshinda ambaye hakuanguka, kwamba akili ya mtoto wa chuo cha Kurani inalijua hilo. Alisimamisha picha pale zinapotokea alama, akawaonyesha wenzake bendera ndogo za majaji, akawaeleza nani ni jirani wa nani na nani kampa nani alama kwa ujirani. Kesi ya nyani, alisema, ikipelekwa kwa ngedere, mwisho wake unaujua kabla hujaketi. Akawanunulia wenziwe leso nyekundu. Bi Mabruka alizipenda, akachukua mbili.

Mtu mmoja tu hakuchukua leso. Bi Shukriya alikaa nyumba ya tatu, upande wa falaji, mfereji wa maji ya mashamba. Alizaliwa Tabora, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo, na alipokuja Oman alikuja na Kiswahili chake cha bara, chai yake ya maziwa, na maneno machache ya Kizungu aliyoyatumia bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa mrefu na mkimya, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, tabia inayowaudhi sana wanaopenda kusema. Yeye aliona Buluu wameshinda kwa haki. Wamejaribu gumu, alisema, na aliyejaribu gumu akaanguka akainuka ana poenti kuliko aliyetembea kwenye tambarare.

Sasa, Bi Shukriya alikuwa na binti, Radhia, mwalimu katika skuli ya wasichana, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Azzan alimtaka Radhia. Alimtaka mpaka akawa hali vizuri, na mtu wa Ibra asiyekula tende mpya huyo ni mgonjwa. Bi Fakhriya alikwenda kuposa siku zilezile kanda ilipofika, kwa haluwa na maneno mazuri, na Bi Shukriya hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tupeni muda tutazame. Tangu siku hiyo akawa haikosi kahawa ya Bi Fakhriya hata asubuhi moja, na Bi Fakhriya akajisifu kwa mwanawe kwamba kanda ile imemvuta mama mkwe kuliko mahari.

Mabishano yao yalikuwa yaleyale kila siku, na yalikuwa matamu kiasi kwamba wengine walikuja kuyasikiliza hayo zaidi ya kutazama barafu. Ilipofika pale pa kuanguka, Bi Fakhriya alikuwa akipiga ulimi.

"Mwanamke mzembe huyo. Mumewe kamrusha vizuri, yeye kashindwa hata kutua."

"Umejuaje kama kamrusha vizuri?" Bi Shukriya akauliza siku moja.

"Hukuona? Mwanamume hakuanguka."

"Mwanamume hakurushwa, dada."

Baraza likacheka, na Bi Fakhriya hakupenda kuchekwa kwenye zulia lake mwenyewe. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akaamka na hila.

Akatangaza kwamba maneno yametosha, sasa ipigwe kura, na Alhamisi ndiyo siku. Yeye na Bi Shukriya ni wenye kesi, hawapigi. Majaji watakuwa watatu: Bi Mabruka kwa utu uzima wake, Bi Turkiya, jirani wa ukuta mmoja, na Bi Ghalia, wifi yake aliyekuja kutoka Sur kumtazama. Kanda itaonyeshwa tangu mwanzo. Ikimalizika, anayeona Wekundu wamedhulumiwa aitikise finjani yake ya kahawa. Anayeona majaji wamehukumu kwa haki, aiache imetulia.

"Fea," akasema Bi Shukriya, akakubali.

Alikubali haraka, na hilo lingemshtua mtu mwenye akili zaidi. Kwa maana kila anayekaa Oman analijua jambo hili kabla hajawajua majirani. Kahawa huja kidogo, matone mawili matatu chini ya finjani. Ukishakunywa, ukinyoosha mkono kimya unamiminiwa tena, na tena, hata useme umetosheka kwa lugha saba. Kinachoizuia dele, birika la kahawa, ni kimoja tu, nacho ni kuitikisa finjani. Na mshika dele siku hiyo, kama siku zote katika nyumba yake, alikuwa Bi Fakhriya.

Alhamisi ikafika. Wanawake walikaa kumi na moja, wengi na leso nyekundu. Bi Fakhriya alitoa tende, akatoa haluwa, akatoa mkate wa kumimina, kisha akaanza kuzunguka na dele. Hakukaa kitako hata mara moja. Wekundu walipokuwa wakiteleza, majaji watatu walikuwa kwenye finjani ya tatu. Buluu walipoanza, walikuwa kwenye ya sita. Kila mmoja alijizuia kutikisa kwa kuogopa kuharibu kura, na kila aliyejizuia akamiminiwa. Bi Ghalia alikuwa ameshaanza kutoa jasho la iliki. Bi Turkiya macho yalimtoka. Kahawa ya finjani ya tisa si kinywaji tena, ni adhabu.

Mwanamke wa Buluu akaanguka, akainuka, muziki ukakatika. Na palepale, kabla mtu hajavuta pumzi, Bi Fakhriya akamwinamia Bi Turkiya kwa mdomo wa dele. Maskini wa Mungu akaitikisa finjani yake kwa mikono miwili. Bi Fakhriya akageuka kwa Bi Ghalia. Bi Ghalia akaitikisa ile dele ikiwa bado mbali. Kisha akamfuata Bi Mabruka, aliyekuwa amesinzia chini ya leso mbili. Bi Mabruka mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo wa uzee tangu walipohamia Oman, na finjani mkononi mwake haikuwahi kutulia hata siku moja. Ilitikisika vizuri sana.

"Watatu kati ya watatu," akasema Bi Fakhriya.

"Wifi, mie nimekataa kahawa tu," Bi Ghalia akanong'ona.

"Umetikisa hukutikisa?"

"Nimetikisa."

"Khalas."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Hata waliojua wamechezewa walicheka, kwa sababu hila ilikuwa nzuri, na hila nzuri ina haki yake. Bi Fakhriya alikuwa na furaha ya msichana wa miaka kumi na sita. Akageuka kumtazama Bi Shukriya amwone naye akicheka.

Bi Shukriya hakuwa anacheka, wala hakuwa amenuna. Aliiweka finjani yake kwenye sinia taratibu, akasimama, akajitengeneza buibui lake, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiombea sukari.

"Bi Fakhriya, mimi barafu hainihusu. Wiki sita sikuja hapa kuangalia mashindano. Nimekuja kumwangalia jaji."

Kicheko kikakatika kimoja kimoja.

"Kila siku mwanamke yule anaanguka, na kila siku wewe unasema ni yeye. Hujauliza hata siku moja mume alifanya nini. Leo nimeona na kura unavyoihesabu. Mwanangu akija katika nyumba hii, iko siku atateleza, maana sote tunateleza. Na iko siku hatateleza, ataachiwa mkono. Siku hiyo jaji ni wewe, na dele ni yako." Akafika mlangoni, akavaa viatu. "Azzan ni kijana mzuri, sina neno naye. Mwambieni asisubiri jawabu wiki hii. Sijui lini."

Akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza, mwenye nyumba bado kasimama na dele mkononi.

Bi Fakhriya alianza kwa kukasirika, ndiyo njia yake ya kuingilia kila jambo. Alisema watu wa bara hawajui mzaha. Alisema mtu gani anachanganya posa na michezo. Aliyasema haya kwa Bi Ghalia, ambaye alikuwa kalala chali akiusikiliza moyo wake unavyodunda kwa kahawa. Adhuhuri Azzan akarudi kutoka sokoni, akaambiwa. Hakupiga kelele. Alikaa mbele ya sahani ya wali, akaisukuma mbele kidogo.

"Mama, mie nimekosa mke kwa sababu ya watu wa barafu?"

Akainuka, akaenda akasimama dirishani, akatazama nje. Na alivyosimama pale, mabega yamelegea, mgongo kwa watu, alikuwa marehemu baba yake mtupu. Bi Fakhriya akahisi kitu kimemchoma ambacho hakikuwa hasira.

Kwa sababu alilikumbuka dirisha. Mwaka wa hamsini na tano, Malindi, Unguja, yeye bibi harusi wa miezi mitatu katika nyumba ya mama mkwe. Abdullatif, mumewe, alikuwa kashikilia kwamba kanzu yake ya Idi ataipiga pasi mwenyewe, kwa kuwa wanawake hawaijui mikunjo yake. Pasi ya mkaa ikatema cheche, kanzu ikaungua kifuani, tundu la ukubwa wa shilingi. Mama mkwe akaingia, akaiona kanzu, hakuuliza. Akasema huyu mke wa Abdullatif hakufunzwa kwao. Na Abdullatif alikuwa amesimama palepale, pasi bado imo mkononi mwake, inatoa moshi. Akatazama dirishani. Fakhriya aliitwa muunguza kanzu mpaka Idi ya mwaka wa pili, na kila mgeni alihadithiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita na alilia kwa siri chooni, maji yakimiminwa ili asisikike. Alimpenda mumewe baadaye, alimzalia, alimzika kwa machozi ya kweli, lakini lile dirisha hakulisamehe.

Jumamosi asubuhi, Azzan alipokwenda kazini, Bi Fakhriya akaufunga mlango wa mbele, akajitilia kahawa, akaiweka kanda. Hakutazama Wekundu. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale pa kuanguka, akakibonyeza kile kitufe cha kusimamisha picha. Picha ikasimama, mstari mweupe ukaikata katikati, ikawa inatetemeka kama mkono wa Bi Mabruka. Akabonyeza tena, ikasogea kidogo. Akabonyeza tena. Alikuwa ameitazama sehemu hiyo mara mia na hakuwahi kumtazama mwanamume.

Mwanamume alikuwa ameyumba. Mguu wake wa kushoto ulikwenda upande kabla hajamrusha mke, na mkono mmoja ukaachia, wa pili ukachelewa. Mwanamke aliondoka mikononi mwake akiwa kapinda tayari. Alizunguka mara tatu hewani akijaribu kujinyoosha, na hapana kiumbe ambaye angetua kwa miguu miwili kutoka pale. Bi Fakhriya akabonyeza tena. Mwanamke akawa chini, nywele zimemwagika. Na mumewe, mikono yake mitupu bado iko mbele, hakumtazama mkewe. Aliwatazama majaji.

"Ah, mwanaharamu," akasema Bi Fakhriya, peke yake sebuleni. "Nawe umelipata dirisha lako."

Aliitazama mara nne nyingine, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Akakaa na finjani yake mkononi mpaka kahawa ikawa baridi, na akaona haya, haya ya kweli inayopanda shingoni, kwa sababu alikumbuka maneno yake ya wiki sita, na yalikuwa maneno ya mama mkwe wake, neno kwa neno, mpaka ule mpigo wa ulimi.

Siku hiyohiyo alasiri akavaa buibui. Akapita kwanza kwa Bi Turkiya kumwambia kwamba ile kura yake amemrudishia. Bi Turkiya, ambaye alikuwa hajalala tangu Alhamisi, akauliza kura gani, kisha akamwomba tu asimtajie kahawa. Bi Fakhriya akaendelea mpaka nyumba ya tatu upande wa falaji, akabisha hodi.

Radhia ndiye aliyefungua. "Shikamoo, mama," akasema, akamshika mkono kwa adabu, na macho yake yale yasiyopitwa na kitu yakamtazama juu mpaka chini. Bi Fakhriya akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akaingizwa, akaketi juu ya zulia mbele ya Bi Shukriya, wakasalimiana kwa urefu, wazima, watoto wazima, joto limeanza. Radhia akaleta dele. Siku hiyo nyumba ya chai ya maziwa ilikuwa imepika kahawa.

Bi Fakhriya akaipokea finjani, akaiweka chini mbele yake bila kuigusa midomoni. Bi Shukriya akaona. Waarabu wa Ibra ndivyo wafanyavyo: mgeni mwenye haja hainywi kahawa ya nyumba mpaka haja yake isikilizwe, na mwenye nyumba akimwambia kunywa, basi haja amempa.

"Nisikilize, Bi Shukriya, kisha useme utakalo," akaanza. "Wekundu walidhulumiwa. Hilo siliachi mpaka kaburini, majaji wale ni ngedere."

"Umetoka kwako kuja kuniambia hilo?"

"Ngoja. Hajateleza yule mwanamke. Kaangushwa. Nimeisimamisha picha nikamtazama mwanamume, na wallahi ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama."

Maneno yakamshinda, maana mambo ya mwili hayaelezeki kwa mdomo. Akainuka, mwanamke mzito wa miaka arubaini na tano, akamwita Radhia asimame katikati ya zulia, akamshika kiunoni. Alishika hapa, akaonyesha, lakini mguu wake ulikuwa huku. Akautupa mguu wake mwenyewe upande ili waone, nusura aanguke yeye, na Radhia ndiye aliyemdaka. Wakabaki wameshikana hivyo, mwari na mama mkwe mtarajiwa, mmoja akihema na mwingine akijiuma mdomo asicheke.

"Na alipokwisha kumwangusha hakumtazama," akasema Bi Fakhriya, pumzi zikimkatika. "Aliwatazama majaji. Kujua kama wameona."

Bi Shukriya alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Hakuwa na haraka. "Kwa hiyo kosa la nani?"

"La mwanamume."

"Na mwanamume huyo akiwa Azzan?"

Ni swali jepesi kwa asiye na mtoto wa pekee. Bi Fakhriya alimwona Azzan wa miaka minne, aliyembeba mgongoni siku waliyoondoka Unguja, na midomo yake ilikuwa tayari kusema kwamba Azzan hafanyi hivyo, kwamba Azzan hakulelewa hivyo. Ndivyo alivyosema mama mkwe wake juu ya Abdullatif, na huku pasi inatoa moshi.

"Akiwa Azzan," akasema polepole, "nitamtoa dirishani kwa sikio."

Bi Shukriya hakuijua habari ya dirisha, wala hakuuliza. Ila alimwona mwenzake macho yamejaa maji na hajali kuyafuta. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na mtu akiisukuma kwa mwenziwe, hata siku moja tu, lazima ionekane imemuuma. Akaitazama finjani ile juu ya zulia, kahawa yake imetulia.

"Kunywa kahawa yako, dada. Inapoa."

Bi Fakhriya akaketi. Akainua finjani, akanywa, na kwa furaha hakujua kama ilikuwa moto au baridi. Akamhimidi Mungu, akanyoosha mkono. Radhia, ambaye alikuwa kapiga goti mbele yake kwa adabu zote za dunia, akammiminia. Akanywa. Akammiminia tena. Wakazungumza habari ya mwezi gani unafaa, na nani aende kwa nani kwanza. Dele ikawa inakwenda na kurudi. Kwenye finjani ya tano Bi Fakhriya akatosheka, akaitikisa.

Radhia akammiminia.

Bi Fakhriya akadhani binti hakuona. Akanywa, akatikisa kwa nguvu zaidi. Radhia akammiminia vilevile, uso umetulia kama maji ya falaji. Bi Shukriya alikuwa ameinama akitafuta kitu chini ya mto, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Mwanangu," akasema Bi Fakhriya kwenye ya tisa, "nimetikisa."

"Naona, mama," akasema Radhia, dele mkononi. "Sijajua tu kama umetosheka, au unapiga kura."